Wimbo wa Sahani Uliopimwa Saluni

Munir mwanangu, iko Jumamosi moja ya zamani ambayo mpaka leo ikinijia huizima televisheni. Tulikuwa Houston, ndani ya saluni ya wanawake, mimi na mzee mmoja Mmarekani mweusi, na katoni ya kaseti miguuni petu. Nitakueleza habari yake yote, na usinikatize ukaniambia una mkutano. Ulinipigia simu juzi ukanitia jambo moyoni, sasa nawe kaa unisikilize mimi ami yako, ndugu wa baba yako.

Uliniambia hivi, kama nilikusikia vizuri: "Ami, shangazi Mwanaisha amezeeka, sauti ina-crack. Watu wata-record, itafika mpaka Mombasa. Nimepata sidii ya msichana mmoja, ameimba wimbo wake uleule wa kupamba, safi kabisa. Nita-play hiyo." Ukasema siku ya kumpamba dada yako Zuhura, bibi arusi wetu, utamweka shangazi yako mbele na wakubwa wenziwe, apumzike, apigwe picha. Mimi nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Basi naanza na mwaka ule nilipofika Garland, kando ya Dallas, katikati ya miaka ya tisini. Mimi na baba yako tulikuwa tunakaa chumba kimoja, na kazi yangu ilikuwa bohari, kupakia makatoni ya mabomba ya bafu kutoka asubuhi mpaka mgongo uniambie basi. Jumapili moja mwenzangu wa bohari akanichukua bustanini, kusini mwa Dallas. Kulikuwa na nyama inachomwa, watoto wanakimbizana, na bendi imepanda juu ya trela la lori. Walikuwa wanapiga zile nyimbo wanazoziita soul na blues, nyimbo za watu weusi wa kusini. Mtu anaeleza lililomkuta na wenziwe wanamwitikia palepale.

Aliyekuwa akiimba ni mama mmoja mnene, gauni la kijani, jina lake Verna Dee. Mchana alikuwa mpishi wa shule moja ya Fort Worth, na Jumapili ndiyo huimba. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilimfahamu. Alikuwa anaeleza jinsi mama yake alivyompigia simu siku moja, naye yuko zamu jikoni, akasema nitampigia nikitoka. Alipotoka, ile simu ikapokewa na jirani, mama ameshafariki.

Wallahi nilisimama. Mama yangu alikuwa Mombasa, nami nilikuwa sijampigia mwezi mzima. Sasa wewe umekulia huku, lakini shangazi zako wamekufundisha kutunza: mtu akiguswa na neno la wimbo hainuki hivi hivi. Huenda kwa madaha, noti aipunga juu watu waione, afike mbele ya mwimbaji amzungushie kichwani, kisha amtie mkononi. Basi mimi nikatoa dola yangu, nikaenda kwa mwendo wa Mombasa, bega mbele, bega nyuma, nikapanda ile trela na kumpungia Verna Dee noti juu ya kichwa.

Mwana wee! Mama wa watu akakatiza wimbo. Mpiga gitaa akainuka. Wanaume wawili walionizidi urefu na upana wakanishika makwapa wakaniteremsha chini. Kumbe kwao ndoo ya plastiki huwekwa mbele ya jukwaa, ukiguswa watia chako humo, hakuna wa kumpandia mtu kichwani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nimesimama na dola yangu mkononi, aibu imenijaa, nasema sori, sori.

Hapo ndipo akaja mzee mmoja mwembamba, kofia ya makuti, akawaambia wale mabwana waniachie. Huyo ndiye Mista Pruitt. Alikuwa fundi wa viyoyozi maisha yake yote, na ujanani mpiga ngoma wa kanisa. Alipofikia umri ambao wenziwe wanatafuta kiti cha kukalia, akafungua lebo ya kurekodi nyimbo kwenye gereji nyuma ya nyumba yake, akaiita Ozella, jina la mama yake. Alikuwa na waimbaji wanne, wote watu wazima wenye kazi zao za mchana, na Verna Dee ndiye tegemeo lake.

"Mbona hukuinuka mwanzo wa wimbo?" akaniuliza.

"Mwanzo alikuwa anaimba tu," nikamwambia. "Pale kwenye simu ndipo nilipomsikia."

"Kwenu wapi?"

"Mombasa."

"Haya, Mombasa. Unaweza kuendesha vani?"

Nikasema naweza. Leseni yenyewe nilikuwa nimeipata mwezi uleule, lakini hakuniuliza.

Baba yako alinigombeza, usimwone sasa ametulia. Akasema nimeacha kazi yenye bima nikazunguke na mzee wa kaseti. Nilijua tu kwamba nimekuwa nchi hii muda wote ule, na yule mzee ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nimesikia nini.

Kazi ilikuwa hivi. Tulikuwa tunateremka Dallas kwenda Houston na kurudi, barabara ileile moja, vani imejaa kaseti na sidii. Redio kubwa hazikuwa na haja na nyimbo za wazee, kwa hiyo Mista Pruitt alikuwa akiuza mkono kwa mkono: kwa vinyozi, kwenye maduka madogo ya muziki, kwenye mikahawa ya nyama ya moshi. Yeye akila mbavu zake za nguruwe upande ule wa meza, mimi na samaki wangu upande huu, na hatukuwahi kuteta. Adhuhuri ikifika alikuwa akiniambia yeye mwenyewe, "Mombasa, egesha, wakati wako huo." Akishuka, akinyoosha miguu, akiwafukuza mbwa mpaka nimalize kuswali. Mungu amlipe kwa lile.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa saluni. Mzee yule hakuwa akitoa wimbo mpaka aupime saluni ya wanawake, Jumamosi, wakati viti vyote vimejaa. Alikuwa na rafiki yake, Miss Joyce, mwenye saluni kusini-magharibi ya Houston, si mbali na hapo Alief mnapokaa. Akimpa Miss Joyce kaseti isiyoandikwa kitu, aitie kwenye redio yake katikati ya zile nyingine, asiseme imetoka kwa nani. Kisha Mista Pruitt akikaa pembeni, uso ukutani, gazeti mkononi, wanawake nyuma yake. Mimi nikikaa karibu yake na kukodoa macho sakafuni, maana nilikuwa kijana na naona haya.

Mara ya kwanza nilimwambia, "Mista Pruitt, huusikilizi wimbo. Unasoma gazeti."

"Wimbo naujua," akasema. "Nawasikiliza wao."

Akanieleza polepole njiani. Wimbo ukipigwa na mazungumzo yakaendelea vilevile, huo umekufa, uzike. Wakisema sauti nzuri, muziki mzuri, huyo nani, weka kando, usiwe na haraka nao. Lakini mwanamke mmoja akianza kujibizana na redio, akamwambia mwimbaji wewe nawe ulimngoja wa nini, huo ndio unaokwenda kiwandani kunakiliwa. Mimi nilicheka. Nilimwambia kwetu mtu asipoinuka kutunza, mwimbaji arudi nyumbani akajiulize. Akasema, "Basi mama zako na Miss Joyce wamesoma shule moja."

Sasa ikaja habari ya sahani. Verna Dee alikuwa na mume aliyetoka siku moja na hakurudi, na kwa muda mrefu kila jioni akipika alikuwa akimwekea chakula chake na kukifunika. Akatunga wimbo juu ya jambo hilo. Kiingereza chake sikiwezi kukurudishia, lakini maana yake ni hii: nilikufunikia sahani mwaka mzima, leo nimeiosha. Basi. Hakumtukana mume wala hakumwombea mabaya. Aliimba habari ya sahani tu, mwanzo mpaka mwisho, na kabla ya lile neno "leo" alikuwa akivuta pumzi ikasikika.

Mista Pruitt alikuwa amebaki na nafasi hiyo moja. Lebo ilikuwa haiendi. Aliniambia wazi tukiwa ndani ya vani: wimbo huu ukishindwa, nafunga gereji, nachukua sanduku langu la spana, narudi kwenye viyoyozi. Umri wake haukuwa tena wa kupanda mapaa ya watu, na mapaa ya Texas wakati wa jua unayajua mwenyewe. Kwa hiyo aliupeleka kwa bwana mmoja wa stesheni ya redio ya Houston, mkubwa wa vipindi, mtu ambaye akiamua wimbo upigwe, basi umesikika mji mzima.

Yule bwana akausikiliza, miguu juu ya meza. Akasema, "Wimbo nimeupenda. Mwimbaji simtaki. Huyu ni bibi wa mtu. Niletee wimbo huuhuu na sauti ya msichana, nitaupiga asubuhi na jioni."

Tukarudi Dallas. Siku ya pili Mista Pruitt akaenda Fort Worth kwa Verna Dee, akamweleza kila neno bila kumficha. Mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Mama yule akasema, "Mjaribu huyo msichana. Nyumba yako ikisimama, yangu nayo itasimama. Lakini sahani niliosha mimi, Pruitt. Usisahau hilo."

Basi akatafutwa msichana, miaka yake kumi na tisa, sauti ya kinanda. Akaingia gereji, akaimba. Nitakuambia kweli, Munir, mimi niliipenda. Kila noti mahali pake, hakuna pumzi ya kusikika, hakuna kukwaruza. Nikamwambia mzee, hii, hii ndiyo. Yeye akasema, "Jumamosi tutajua."

Ndiyo ile Jumamosi niliyoanza nayo. Saluni imejaa, mashine za kukaushia nywele zinavuma, wanawake wanacheka, na mmoja anaeleza habari za arusi ya mpwa wake mwanzo mpaka mwisho. Mista Pruitt amekaa na gazeti lake, uso ukutani. Miss Joyce akatia kaseti ya msichana. Mabega yakaanza kwenda. Mmoja akasema, "Huyu nani? Ana sauti tamu." Mwingine akasema, "Ongeza, Joyce." Ule wimbo ukaisha, na yule wa habari za arusi akaendelea alipoachia. Mimi nilikuwa nimefurahi, namkonyeza mzee kwamba tumepata. Hakunitazama. Akafunua ukurasa wa gazeti.

Miss Joyce akapitisha nyimbo mbili tatu za watu wengine, kisha akatia ya Verna Dee.

Mwanzo mazungumzo yaliendelea vilevile. Kisha ikafika pale pa mwaka mzima, na yule mama wa arusi akakatiza habari zake. "Mwaka mzima!" akasema. "Mimi ningempa wiki mbili." Wakacheka. Mwingine akamjibu, "Wiki mbili? Wewe ulimngoja yule wako miaka." Wakaanza kuteta, mmoja na redio, mmoja na mwenziwe, mama mzima anaielekezea redio kidole, anaiambia, "Na ulikipasha moto? Sema kweli, ulikipasha?" Astaghafiru, saluni ikawa soko.

Kule mwisho alikuwa amekaa mama mmoja mwenye nguo za wauguzi, yuko chini ya mashine, rola kichwani. Tangu tuingie hakuwa amefungua mdomo. Verna Dee akavuta ile pumzi yake, akasema leo nimeiosha. Yule mama akaisukuma mashine juu kwa mkono wake mwenyewe, akasimama, akaenda na rola zake mpaka kwenye redio. Akatoa dola mfukoni, akaiweka juu ya redio, akaiwekea kiganja juu yake. Akasimama hivyo mpaka wimbo ukaisha, na machozi yanamteremka wala hayafuti.

Mwanangu, nikufahamishe vipi? Hakuna aliyemfundisha yule mama kutunza. Mombasa hakupata kuijua, labda kuiona kwenye ramani. Nami nikamwona mama yangu wazi, amekaa kwenye mkeka wa arusini na tari lake, na wanawake wanainuka mmoja mmoja kumwendea kwa lile neno lililowapata.

Na hapo hapo, kwa ujana wangu, ile furaha ikanipanda kichwani. Nikainama kwenye katoni, nikachomoa kaseti ya Verna Dee, zile za mwanzo za kuonyesha watu, nikamwendea yule mama mbio. Nikamwambia, "Mama, ndiyo hii hapa, tunauza."

"Mombasa," Mista Pruitt akaita, hata kichwa hakugeuza. "Keti."

Nikasimama katikati ya saluni na kaseti yangu.

"Nimesema keti."

Nikaketi. Tulipotoka nje kwenye vani alinizuia kuwasha gari. Alikaa mikono juu ya magoti, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Yule mama alikuwa peke yake na jambo lake," akasema. "Wewe ukaenda kumgongea mlango. Mtu anayelia usimuuzie kitu. Mwache amalize. Akitaka kujua umekaa wapi atakuuliza, na asipokuuliza, ulichompa kinatosha."

"Lakini umeona mwenyewe," nikasema. "Tumepata! Nilifurahi."

"Nimeona. Kufurahi furahi. Ungefurahia kitini."

Sijagombezwa vizuri namna ile tena. Mtu mwingine angenitukana, na tusi ningelijibu. Yeye alisema maneno yake tu, nami nikabaki nayo mpaka leo.

Bado tuko palepale, mara dirisha likagongwa. Ni yule mama, rola kichwani, kajifunga taulo la saluni. Akamuuliza Mista Pruitt aliyeimba ni nani, na kama yuko hai. Mzee akamwambia yuko hai, anapikia watoto wa shule Fort Worth. Yule mama akaomba kaseti mbili, moja yake na moja ya dada yake. Alipozishika akasema, "Mwambie mimi bado naifunika." Kisha akarudi ndani kumalizia nywele zake.

Hatukurudi Dallas moja kwa moja. Jumatatu tukaenda Fort Worth, mpaka jikoni kwa Verna Dee pale shuleni, amevaa aproni, sufuria zimemzunguka. Mista Pruitt akamweleza mambo yalivyokwenda, msichana alivyosifiwa, na wanawake walivyoteta. Kisha akamfikishia salamu ya yule mama kama ilivyotoka. Verna Dee akafuta mikono, akavuta kreti la maziwa akakalia. "Jina lake nani?" akauliza. Hatukumuuliza. Verna Dee akatikisa kichwa, "Wanaume nyinyi." Tangu siku hiyo, kila aliposimama kuuimba wimbo ule alikuwa akianza kwa kusema huu ni wa dada yangu wa Houston ambaye bado anafunika.

Mista Pruitt akaenda tena kwa yule bwana wa redio, akamwambia wimbo wa sahani ni wa Verna Dee, ama huo ama basi. Bwana akamwambia, "Utazeeka na kaseti zako garini." Mzee akamjibu, "Nimeshazeeka," akavaa kofia yake. Kwenye ngazi nilimuuliza kama haogopi. "Naogopa sana," akasema. "Spana zangu nimezitia mafuta tayari."

Sitakudanganya kwamba tulitajirika. Wimbo ule tuliuuza saluni kwa saluni, kinyozi kwa kinyozi, Dallas mpaka Houston na vijiji vya katikati. Wanawake wakaanza kuupigia simu wenyewe pale stesheni, wanataka ule wa sahani, mpaka bwana yule akauweka kwenye kipindi cha Jumapili mchana. Hakusema samahani, nasi hatukuingoja. Lebo ikasimama miaka mingine mingi. Na yule msichana Mista Pruitt hakumtupa. Alimtafutia wimbo wa umri wake, wa kuhama kwao na kuwaacha wazazi mlangoni, na huo nao saluni waliujibu. Alikuwa na sauti nzuri yule mtoto. Wakati ule alikuwa hajafunika sahani ya mtu, basi.

Mwishoni zikaja kompyuta za kunakili sidii, kila kituo cha petroli kinauza nakala, na lebo nyingi ndogo zikafa. Ya Mista Pruitt nayo ikafa, lakini ilikufa na waimbaji wake wote wanaongea naye. Alipokuwa mgonjwa nilikwenda kumtazama, akaniuliza kama bado naendesha. Nikamwambia nina duka langu Garland sasa, nauza mchele na viungo. Akasema, "Nani unawasikiliza?" Nikasema wateja. Akafunga macho, akatabasamu. Nilimpenda mzee yule, Munir. Hata tungekuwa dini moja na kabila moja nisingempenda zaidi.

Sasa turudi kwa shangazi yako Mwanaisha.

Wimbo anaouimba siku ya kupamba bibi arusi aliupokea kwa mama yangu, bibi yako, ambaye hukumdiriki wala kumwona. Mama hakurekodiwa na mtu. Hakuna kaseti yake, hakuna picha yake akiimba. Alipokufa mimi nilikuwa huku, simu ikapokewa na jirani, yakanikuta yale yale ya Verna Dee. Kilichobaki cha sauti yake ni hicho alichonacho dada yangu kooni, na pale anapokatikia pumzi ndipo hasa mama alipokuwa akikatikia. Wewe wasema sauti ina-crack. Mimi nikisikia pale huwa nimerudi nyumbani.

Huyo msichana wa sidii sina ugomvi naye, Mungu amzidishie. Lakini yeye hamjui Zuhura. Hakumbeba mgongoni alipougua, hakukaa naye hospitali, hakumfundisha kupika wali wa nazi kwenye jiko la apatimenti ya Alief mpaka kengele ya moshi ikalia. Mwanaisha akimwimbia mtoto yule kwamba leo anatoka mikononi mwetu, anaimba alilolifanya kwa mikono yake. Na sahani hii ni yake. Usimnyang'anye ukampa mtu mwingine kwa sababu anaiosha bila kelele.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike. Kazi yako ya mitambo ya muziki ni nzuri na mimi najivunia, nawaambia watu wote pale msikitini Richardson. Lakini kabla hujaamua kitu ni kizuri, kaa ugeuze uso ukutani, uwasikilize wanaokisikia. Wakisifu tu, usikimbilie. Wakijibizana nacho, kiache kama kilivyo, na mikwaruzo yake. Anayelifahamu jambo kwa kupitia, mpe nafasi ya kulisema kabla ya anayelisema vizuri. Na ukimwona mtu limemgusa, usimwendee na chochote cha kuuza, hata ikiwa ni sifa zako.

Jumamosi ya kumpamba Zuhura, tega mitambo yako mapema, mpe shangazi yako maikrofoni, kisha utoke, maana ni shughuli ya wanawake. Kaa nje karibu na mlango. Utasikia vigelegele, utasikia wanacheka, wanataniana. Halafu itafika mahali watanyamaza wote pamoja. Mkono utakuwasha uingie ndani, udhani spika imeharibika. Keti, mwanangu. Ni wao wanainuka kwenda kumtunza shangazi yako.

Mungu akupe sikio linalongoja. Amhifadhi Zuhura katika nyumba anayoiendea, chakula chake kiliwe kingali moto, na asifunikie sahani mtu asiyerudi. Na siku sauti yako nayo itakapokwaruza, akujaalie kijana wa kukushikia maikrofoni. Amina.